Maji ya Mfongo wa Kibosho na Safari ya Maziwe

Mwezi Agosti nilipokwenda Kibosho kumsaidia mama kupalilia kahawa, tulipumzika ukingoni mwa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unaopita juu ya kihamba chetu, shamba la nyumbani, na mama akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya kufundisha baiolojia hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza: "Hivi baba, haya maji yakishatoka hapa yanakwenda kulala wapi?" Mama ana miaka 71. Ametumia maji ya mfongo huo tangu alipoolewa, anaijua zamu ya kila nyumba na siku ya kila ukoo kutoka na jembe kwenda kuusafisha, lakini hajawahi kuiona bahari.

Nilimweleza njia ya maji kadiri ninavyoifahamu. Yale ambayo migomba haikuyanywa hurudi mtoni. Mito ya upande wetu, Karanga na Weruweru, hukusanyika katika Kikuletwa, ambao pia hupokea maji yanayoteremka kutoka Meru. Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, mahali unapoingia pia mto Ruvu unaotoka upande wa Ziwa Jipe. Na kutoka bwawani huanza mto Pangani, unaopita chini ya milima ya Upare na Usambara, ukazungusha mitambo ya umeme kule Hale, kisha ukafika mji wa Pangani na kuingia katika Bahari ya Hindi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akafuta udongo kwenye jembe, akasema, "Basi nipeleke nikayaone yanapofikia."

Kwa miaka kadhaa mimi na mke wangu tulikuwa tukizungumzia likizo ya kuwapeleka watoto kuona miamba ya matumbawe, na kila mwaka mazungumzo yaliishia kwenye kulinganisha nauli. Ombi la mama limeyamaliza mabishano yote. Tutakwenda Pangani, na kutoka Pangani tutakwenda Maziwe, fungu la mchanga lenye miamba ya matumbawe.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusiende mahali panapofahamika zaidi, na swali hilo ni la haki. Kisiwa cha Mafia kina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822, na kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe huonekana karibu na Kilindoni. Lakini kufika huko ni ama kwa ndege kutoka Dar es Salaam, ama kwa chombo kutoka Nyamisati, na sitaki safari ya kwanza ya mama baharini iwe ya saa nyingi katika maji makuu. Chumbe, karibu na Unguja, ni hazina ya kweli, kwa sababu mwamba wake umefungwa kwa uvuvi tangu miaka ya 1990, na kama ningekuwa ninapanga ziara ya wanafunzi wangu peke yao ningependekeza huko bila kusita. Maziwe, kwa upande wake, iko kilomita kama nane tu kutoka pwani ya Pangani. Tunapanda basi Moshi, tunapita Mwanga, Same, Mombo na Korogwe, tunakata kushoto Segera, tunapita michungwa ya Muheza na kulala Tanga. Sehemu kubwa ya njia hiyo inafuatana na mto wenyewe, hata kama dirishani hauonekani, na hilo kwangu lina uzito kuliko sifa za mahali pengine popote.

Ipo sababu nyingine, nayo inaniuma. Niliwahi kwenda Maziwe mwezi Juni mwaka 2019 pamoja na walimu wenzangu, na tulikosea karibu kila kitu kinachoweza kukosewa. Juni ni mwezi wa kusi. Upepo ulikuwa mkali, bahari imechafuka, na chombo tulichokodi kilichelewa kuondoka kwa zaidi ya saa mbili, hata tulipofika fungu la mchanga lilikuwa limekwisha kufunikwa na maji. Hatukuwa na mahali pa kushukia. Aliyetuongoza alituambia tusimame juu ya "mawe" ili tupumzike, nami, mwalimu wa baiolojia, nikasimama. Nilisikia kitu kikivunjika chini ya kisigino kama kigae cha chungu. Nilipozamisha mkono nikaokota tawi lenye urefu wa kidole changu cha kati, rangi ya kahawia kwa nje na jeupe pale lilipovunjika, likitoa utelezi kama mlenda. Na katikati ya vitawi vyake alikuwapo kaa mdogo asiyezidi ukucha, ameshikilia, hataki kutoka. Kaa wa namna hiyo huishi maisha yao ndani ya tumbawe hilo na hulilinda dhidi ya viumbe wanaokuja kulila. Nilimrudisha pamoja na tawi lake katika ufa wa mwamba, lakini nilijua kwamba nilichokivunja kwa nukta moja kilikuwa kimejengwa kwa miaka.

Ni vyema nieleze hapa tumbawe ni nini hasa, maana wengi wetu wa bara hulihesabu kuwa jiwe, na hata watu wa pwani wamelichimba kama jiwe kwa karne nyingi, wakajengea nyumba na kulichoma kupata chokaa. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo laini waitwao polipi, kila mmoja akiwa na mdomo mmoja uliozungukwa na mikono myembamba, na kila mmoja akijijengea kikombe cha kalisi karboneti chini yake. Ndani ya ngozi yao huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho, na mwenyeji humlipa kwa makazi na mbolea. Rangi nyingi tunazozistaajabia zinatokana na mpangaji huyo. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa joto hata kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi, hali hiyo ikadumu kwa wiki kadhaa, maelewano huvunjika, mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe kabisa. Hali hiyo huitwa kupauka. Tumbawe lililopauka halijafa bado, lakini lina njaa, na joto lisipopungua mapema hufa. Pwani yetu ilipata pigo kubwa la namna hiyo mwaka 1998, likaja jingine mwaka 2016, na mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba dunia imo katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe katika bahari zote kuu.

Ninayasema haya katika habari ya kupanga likizo kwa sababu mpango mzima unategemea kuyaelewa. Anayejua kwamba anakwenda kutembelea wanyama waliochoka hatapanga safari kama anayekwenda kuona mandhari.

Jambo la kwanza nililofanya safari hii ni kumtafuta nahodha kabla ya kutafuta nyumba ya wageni. Ndugu mmoja anayefanya kazi Pangani aliniunganisha na mzee ambaye amevua na kuendesha vyombo katika maji hayo tangu ujana wake, nami nikampigia jioni moja nikiwa nimeweka kalenda na kalamu mezani.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba mwalimu. Habari za mlimani?"

"Huku salama, baridi tu. Nilikuwa nafikiria tuje tarehe kumi na nane Desemba, kama utakuwa na nafasi."

"Mwalimu, hiyo tarehe yako sijui ni mwezi wa ngapi. Mwezi unaandama lini?"

Ilinibidi nifungue kalenda upya, maana yeye huhesabu siku kwa mwezi wa angani. Mwezi mpya wa Desemba mwaka huu wa 2026 unaangukia tarehe 9, kwa hiyo tarehe 18 ingekuwa katikati ya maji mafu, wakati ambapo bahari haipwi sana wala haijai sana. Nahodha alinieleza kwa subira kwamba mtu anayetaka kukaa juu ya fungu la Maziwe na wazee na watoto anapaswa kuja katika bamvua, wakati bahari inapopwa na kujaa sana, siku mbili au tatu baada ya mwezi mpya au mwezi mpevu. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi na kujaa tena mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa inaweza kukaribia mita nne. Maana yake ni kwamba tukiondoka ufukweni saa mbili asubuhi maji yakiwa yanatoka, tutakuta mchanga umekwisha kuibuka, tutapata saa chache za utulivu, na tutarudi kabla bahari haijarudi kuudai mchanga wake. Aliniongezea onyo ambalo sikulipata popote pengine: katika bamvua mkondo una nguvu, kwa hiyo aingiaye majini aingie wakati maji yamesimama, ule muda mfupi kati ya kupwa na kuanza kujaa, na asiende upande wa nje wa mwamba bila mwenzake.

Kwa hiyo tutaondoka Moshi Jumanne tarehe 8 Desemba, na siku ya Maziwe itakuwa Ijumaa tarehe 11, huku Jumamosi ikiwekwa akiba endapo upepo utakataa. Siku ya akiba ni lazima. Yule mwenye siku moja tu mkononi humshawishi nahodha atoke hata pale bahari inapokataza, na nimeona kwa macho yangu matokeo yake.

Majira pia yametufaa. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi, hupamba moto Juni hadi Agosti, kisha hulegea. Novemba na Desemba huingia kaskazi, upepo mpole zaidi mwanzoni, na bahari huanza kuwa angavu. Machi ungekuwa mzuri kwa utulivu wa maji, lakini watoto wako shuleni. Kinachobaki ni desturi yetu wenyewe. Kila mtu wa Kilimanjaro anajua kwamba Desemba ni mwezi wa kupanda mlimani: ndugu wanatoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, mabasi yanajaa, mbuzi wanafungwa, na mama asiyekuwapo kihambani wakati huo ataulizwa. Mama mwenyewe ndiye aliyetoa suluhisho, kwamba twende mapema na turudi kabla ya tarehe 15, apate wiki nzima ya kuandaa mbege. Tutakuwa tukiteremka wakati wengine hawajaanza kupanda, jambo ambalo limefanya hata nauli na vyumba vipatikane bila kusukumana.

Jambo ambalo sikulitarajia katika mpango huu ni jinsi mto ulivyozidi kuchukua nafasi. Nahodha aliniambia nimpigie tena tarehe 6, siku mbili kabla ya kuondoka, anieleze rangi ya maji mlangoni mwa mto. Mvua za vuli zikiwa nyingi huku kwetu na kule Usambara, mto huleta tope, na tope ni adui wa tumbawe kwa njia mbili, kwani huzuia mwanga ambao mwani unauhitaji na huwafunika polipi wenyewe, wakalazimika kutumia nguvu zao kujisafisha. Nilimweleza mama habari hiyo. Mara moja akataja watu watatu wa juu yetu wanaolima hadi ukingoni mwa mfongo bila kuacha hata unyasi mmoja, na akasema kwamba mvua kubwa ya mwaka jana mfongo ulikuwa mwekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani.

Nikamweleza na upande wa pili: kwamba maji yanapopungua mtoni, kwa sababu ya mabwawa na mashamba ya umwagiliaji na sisi sote tunaoyachukua huku juu, bahari hupanda ndani ya mto, na wakulima wa karibu na mlango wa Pangani huona chumvi ikiingia mahali palipokuwa na maji baridi. Mama amekaa katika vikao vya mfongo maisha yake yote na amesuluhisha ugomvi wa mtu wa juu na mtu wa chini mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Alichouliza ni hiki tu: "Sasa hao wa Pangani zamu yao ni siku gani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kuhusu Maziwe yenyewe, nimewaandaa watoto wasitegemee kisiwa cha picha. Zamani palikuwa na kisiwa chenye miti ya mivinje, na kasa walikuja kutaga kwa wingi. Ufukwe ukaliwa na bahari, na kufikia miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imetoweka. Wapo wanaotaja ukataji wa miti na wapo wanaotaja mabadiliko ya mikondo. Leo ni fungu jeupe la mchanga linalozama kila maji yajaapo, na kasa wakipanda kutaga humo, wahifadhi huyahamisha mayai kwenda ufukwe wa bara ili yasizame. Pwani hii ya Tanga pia iliumizwa sana na uvuvi wa mabomu. Binti yetu, mwenye miaka 11, nimemwambia kwamba akiona eneo la vifusi vya kijivu vinavyobingirika na wimbi, asidhani ndivyo bahari ilivyo. Mlipuko mmoja huvunja mwamba uliojengwa kwa miaka mingi sana, na vifusi vikiendelea kubingirika, matumbawe machanga hayapati pa kushika. Atakapoona kikande, yule samaki mwenye taya kali, ajue ni mlinzi, kwa kuwa hula wale wanyama wenye miiba mirefu myeusi ambao wakizidi hukwangua mwamba mpaka ukabaki mtupu. Pahali wanapovuliwa vikande wote, miiba hutawala.

Maandalizi ya nyumbani yamekuwa mazuri kuliko nilivyodhani. Watoto wote wawili wanajifunza kuogelea kila Jumamosi katika bwawa moja hapa mjini, kwa sababu nimeamua kwamba asiyeweza kuelea bila kugusa chini hataingia mwambani, hata akilia. Hakuna jaketi okozi linaloweza kumzuia mtoto mwenye hofu kutafuta mahali pa kuweka mguu, na mguu huo utatua juu ya tumbawe. Jioni wanafanya mazoezi ya bomba la kupumulia uani: beseni la kufulia limejazwa maji, mtoto anapiga magoti, anavaa miwani, anazamisha uso na kuhesabu pumzi, na mwenzake anatia kijiko cha maji kwenye bomba ili ajifunze kuyapuliza bila kukurupuka. Mdogo alilia siku mbili za mwanzo. Siku ya tatu aligoma kutoka kula.

Mafuta ya kukinga jua tumeyaacha. Baadhi yake yana oksibenzoni na oktinoksati, kemikali ambazo jimbo la Hawaii lilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia uuzaji wa mafuta yenye kemikali hizo kwa ajili ya kulinda matumbawe. Badala yake tumenunua mitumbani fulana za mikono mirefu za kubana, ambazo hukinga mgongo vizuri zaidi na haziingizi chochote majini. Viatu vya mapezi vilevile sikuvinunua kwa watoto, kwani mwanafunzi akivivaa hupigapiga kila kitu nyuma yake bila kujua. Chandarua, tangawizi ya kichefuchefu na kofia, hayo kila msafiri anayajua. Makombe na vipande vya matumbawe vinavyouzwa barabarani hatutavigusa, na mke wangu amekwisha kuwaeleza watoto sababu.

Mama hataogelea. Hilo lilinisumbua kwa wiki kadhaa, maana nisingependa amalize safari yote hiyo akitazama maji kwa juu tu, huku wajukuu wakimsimulia kilichomo. Nahodha ndiye aliyenipa dawa: wavuvi, alisema, hutazama chini kwa chombo chenye kioo. Nikachukua ndoo ya plastiki ya lita 20, fundi akaikata kitako, fundi wa vioo akanipa kipande cha duara chenye unene wa milimita tano, tukakigandisha kwa silikoni na kukiacha kikauke siku mbili. Mtu akiketi kwenye kina cha magoti, au akiinama ukingoni mwa chombo, akazamisha kitako cha ndoo kidogo tu, mawimbi madogo yanatulia na chini panaonekana kama kupitia dirishani.

Jumapili iliyopita baada ya ibada niliipeleka Kibosho tuijaribu kama haivuji. Mama alijifunga kitenge vizuri, akapiga magoti pale pale mfongoni, akaizamisha ndoo kwa mikono miwili na kuingiza uso ndani yake. Alikaa hivyo muda mrefu hata mke wangu akataka kumshika bega. Ndipo tukasikia sauti yake ikitoka ndani ya ndoo, nzito na ya kushangaa, akimwita binti yetu aje haraka aone: chini ya jiwe ambalo yeye hulikanyaga kila siku anapochota maji alikuwapo kaa, amebeba watoto wake tumboni.